Masahihisho Kutoka Prince Albert

Prince Albert, Saskatchewan
11 Januari 1999

Kwa Bwana Alden na Bibi Harriet Zwicker,

Hamnifahamu. Anwani yenu nimeipata kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu chenu cha rejea cha lugha za alama za kompyuta, pale mlipoandika kwamba msomaji akiona kosa awaandikie. Nami nimeyaona, ndiyo maana ninaandika.

Nianze na shukrani. Kitabu nimekisoma mara nne, faharasa ikiwemo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuiambia kompyuta hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa orodha inaanza na hapa inakwisha, na yote kwa herufi za kawaida zilizowekwa ndani ya mabano yenye ncha. Mmeeleza kwa upole. Hamkumfanya msomaji ajione mjinga.

Sasa makosa. Ukurasa wa 88, aya ya pili, alama ya kufungia imesahaulika. Ukurasa wa 131 mnasema alama ile haihitaji mwenzake, na ukurasa wa 140 mnasema inamhitaji. Ukurasa wa 212 kuna jedwali la bei za samaki: seli ya juu imeambiwa itandae safu tatu, na jedwali lenyewe lina safu mbili tu. Samaki wenu wa tatu hana pa kukaa.

Nimeambatisha karatasi kumi na nne. Nimeandika kwa penseli, mniwie radhi.

Msomaji wenu,
Orest Dubyk


Lunenburg, Nova Scotia
3 Februari 1999

Ndugu Dubyk,

Kitabu kina miaka mitatu sokoni. Tumepata barua za sifa, barua za kuomba kazi, na moja ya mtu aliyetaka kutuuzia boti. Masahihisho ya karatasi kumi na nne hatujawahi kupata. Nilimsomea mume wangu wakati wa chai, na aliposikia kwamba samaki wa tatu hana pa kukaa alicheka mpaka ikabidi nimpigepige mgongoni.

Umetuandikia wakati mzuri. Mchapishaji wetu wa Toronto anataka toleo jipya lililosahihishwa, litoke Oktoba. Kama una nafasi, endelea. Sisi tumeyasoma maneno yetu wenyewe mara nyingi hata hatuyaoni tena. Unafanya kazi wapi? Mtu mwenye jicho kama lako hakosi kuwa na kazi nzuri.

Wako,
Harriet Zwicker

Nyongeza. Mimi ndiye Alden. Sura ya nane niliandika peke yangu, na mke wangu haruhusiwi kuigusa. Ukipata kosa humo, bwana mdogo, uje huku nikupikie supu ya samaki na viazi kwa mikono yangu. Hutapata. A.Z.


Prince Albert
1 Machi 1999

Bwana na Bibi Zwicker,

Bwana Alden, weka sufuria jikoni. Ni makosa kumi na moja. Nimeyapanga kwa ukurasa. La saba ndilo baya zaidi, kwa sababu umelirudia kwenye faharasa kwa kujiamini kabisa.

Bibi, umeuliza kazi yangu. Ninaangalia maktaba ndogo. Wasomaji si wengi, na muda ninao.

Nina swali moja, msinicheke. Mnasema kiungo, yale maneno ya kumpeleka msomaji ukurasa mwingine, huonekana kwa rangi ya buluu. Kitabu kimechapwa kwa wino mweusi. Ni buluu ya namna gani? Ya mbingu siku ya baridi kali, au ya wino wa kalamu?

Wenu,
Orest Dubyk


Lunenburg
20 Aprili 1999

Ndugu Orest,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Tulikuwa na shughuli nyingi nyumbani.

Alden anasema wewe ni mtani hasa. Kiungo ni buluu ya namna gani! Tumecheka.

Sasa neno la maana. Tumemwambia mchapishaji tunataka wewe uwe msahihishaji rasmi wa toleo la pili, na amekubali. Ni kazi ya kweli yenye malipo, na ikienda vizuri wana nafasi ya kudumu. Naambatisha sura mpya ya kumi na mbili, ile ya kugawa ukurasa wa tovuti katika fremu. Tafadhali jaribu kila mfano kwenye mashine, kwa vivinjari viwili vikubwa, kisha uniandikie kama unafanya kazi. Tarehe 20 Mei tunakutana Toronto, nami nitaionyesha sura hii mbele ya wote. Tunakuomba uje. Nauli watatoa wao.

Kwa niaba yetu sote wawili,
Harriet


Prince Albert
3 Mei 1999

Bibi Harriet,

Sina maneno ya kukushukuru. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Toronto sitaweza. Huu ni msimu wa ng'ombe kuzaa, na shamba halina mtu mwingine. Mwaka huu ndama wengi wanatanguliza miguu ya nyuma, huwezi kumwacha mama yake hata saa moja.

Sura ya kumi na mbili nimeimaliza. Mifano yote ishirini na mitatu nimeijaribu kwenye mashine. Inafanya kazi. Mfano wa tisa ndio mzuri kuliko yote, ukiweza uonyeshe huo.

Mwambie Bwana Alden kwamba nimeikosa nyongeza yake.

Wako mtiifu,
Orest


Lunenburg
25 Mei 1999

Bwana Dubyk,

Nilionyesha mfano wa tisa. Watu kumi na wawili wamekaa, picha ya kompyuta imejaa ukuta mzima, nami nikawaambia kwa kiburi: huu msahihishaji wangu ameujaribu kwa mikono yake. Kivinjari cha kwanza kilitoa ukurasa mweupe. Cha pili kilizima mashine. Mtu mmoja akanong'ona kwa jirani yake, nami nikasikia, "Bibi kachoka."

Ukiufuata mfano ule kwa sheria za kitabu, ni sahihi. Lakini vivinjari havifuati sheria, na kila mtu aliyewahi kugusa kompyuta analijua hilo. Kwa hiyo hukuujaribu. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba umeujaribu, na hukuujaribu. Uliogopa kupoteza dakika tano za ng'ombe wako?

Sasa wanataka kitabu wampe mtu mwingine akimalize. Kitabu hiki ni cha Alden na changu. Wewe hujui umenigusa wapi.

Usiniandikie tena.

H. Zwicker


Prince Albert
9 Juni 1999

Mama Zwicker,

Mimi ni Darlene Aasen, dada yake Orest. Anwani mnayoitumia ni ya kwangu. Barua zake huja kwangu, nazibadilisha bahasha na kuzituma. Zako nazipokea na kumpelekea. Nazisoma zote, samahani, lakini nyumba ni yangu.

Hakuna ng'ombe. Hakuna shamba, liliuzwa. Orest yuko gerezani tangu Novemba 1993. Bahasha za huko zina muhuri mwekundu mgongoni, hakutaka uuone. Maktaba anayoiangalia ni ya gereza, na kitabu chenu kilifika humo ndani ya boksi la misaada. Kompyuta hawaruhusiwi. Huo mtandao wenu hajauona hata siku moja. Alipoingia ndani sisi huku nje wenyewe tulikuwa hatujausikia. Mifano yote anaichora kwenye karatasi ya miraba, anajaza penseli mraba kwa mraba kuona ukurasa utatokeaje. Swali lile la buluu hakuwa anatania.

Barua yako ya mwisho nimempelekea, kwa sababu nimezoea kumpelekea. Kasisi wao kanipigia simu. Anasema Orest amerudisha kitabu kwenye rafu na siku tisa sasa hazungumzi na mtu.

Usidhani namtetea. Aliyekufa ndani ya gari aliloliendesha Orest alikuwa Mervin, mume wangu. Ninatuma barua kwa sababu mama yetu akiwa anakata roho alinishika mkono akasema, "Darlene, usimfungie mlango." Mlango wa barua ndio niliouweza.

Nimeona bora ujue unayemkasirikia ni nani.

Darlene Aasen


Lunenburg
21 Juni 1999

Orest mpendwa,

Barua hii nimeituma moja kwa moja gerezani. Dada yako ameniandikia. Usimkasirikie, amekutendea wema, hata kama mwenyewe hataki uitwe wema.

Nakuomba radhi. Nilikutukana kwa kitu ambacho hukuwa nacho. Ulinidanganya, ndiyo, na lile la ndama wenye miguu ya nyuma lilinoga mno. Lakini mimi nami nimekudanganya, na uwongo wangu ni mkubwa zaidi.

Alden amefariki. Alifariki tarehe tisa Aprili, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Ilikuwa mapafu. Alipoandika ile nyongeza alikuwa tayari haamki kitandani, na chai ile tulinywea chumbani kwake. Makosa yako kumi na moja nilimsomea moja moja. Alikubali tisa. Mawili alibishana nayo mpaka pumzi ikamkatikia, kisha akasema, "Andika. Kijana ana haki." Wiki tano baadaye hakuwepo.

Kwa nini niliendelea kukuandikia "sisi"? Kwa sababu mji mzima ulikwenda mazishini, na kila niliyekutana naye dukani alinishika bega. Duniani nilibakiwa na mtu mmoja tu asiyejua. Ndani ya barua zako Alden alikuwa bado mzima, anangojewa apike supu. Nikashindwa kumuua na huko pia.

Rudi kazini. Mchapishaji nimemwambia mifano iliyobaki nitaijaribu mwenyewe kwenye mashine. Wewe soma maneno. Na jina lako nataka liandikwe mwanzoni mwa kitabu, ukurasa wa shukrani, peke yake.

Buluu yenyewe ni nzito, nzito kuliko wino. Nimechovya brashi nikakupakia chini ya karatasi hii. Kama wakaguzi hawajaikata, hiyo ndiyo.

Wako,
Harriet


Gerezani
4 Julai 1999

Mama Harriet,

Hawakuikata.

Pole. Pole sana. Nilihisi tangu Aprili. Mtu aliyekutwa na makosa kumi na moja hakai kimya. Lakini nawe ukiandika "Alden anasema", nami nikisoma naamini mpaka mwisho wa mstari. Yale mawili aliyobishana nayo, niambie ni yapi. Huenda haki ilikuwa yake.

Nikuambie langu, kwa sababu hukuuliza. Ilikuwa harusi ya binamu yetu, Oktoba, ukumbi wa kanisa. Mimi nilikunywa pombe, Mervin alikunywa soda tu kwa sababu ya tumbo lake. Tukiwa tunatoka akasema, "Orest, lete funguo." Nikamwambia, "Shemeji, kaa ulale, mimi nitakufikisha." Akacheka. Akakaa. Sikumfikisha. Upande wa pili wa barabara alikuwa anakuja mwalimu wa shule, Colleen Fehr, miaka ishirini na sita. Yeye hakuwa ametoka hata harusini. Alikuwa anarudi kwao.

Nilipewa miaka tisa. Ningeweza kuomba kutoka mapema, kila mwaka wananiita nami siendi. Niende wapi, niseme nini? Novemba hii theluthi mbili zinaisha, na sheria yenyewe inanitoa, nitake nisitake. Kwa miaka miwili kitabu chenu kimekuwa mahali pekee ambapo, nikiona kosa, kuna namna ya kulisahihisha.

Kuhusu jina langu. Nitasema uwongo nikisema silitaki. Nimelala nikiliona. Lakini sina ruhusa ya kukukubalia. Muulize Darlene. Akisema ndiyo, liandike. Akisema hapana, usimbembeleze.

Sura ya kumi na tatu nimeianza. Ukurasa wa 301, mstari wa nne.

Orest


Prince Albert
30 Julai 1999

Mama Zwicker,

Nimekaa na barua yako siku kumi. Unauliza kwa adabu, nami nitajibu hivyohivyo.

Hapana.

Mervin alikuwa fundi wa matrekta. Mikono yake ilitengeneza nusu ya mashine zinazovuna ngano upande huu, na hakuna kitabu kilichoandika jina lake. Liko kwenye jiwe tu, na theluji ikianguka mpaka nilifagie ndipo lisomeke. Mama yake Colleen naye analifagia la mwanawe, tunakutana hukohuko makaburini na mafagio yetu. Nimwambie nini? Kwamba Orest anashukuriwa mwanzoni mwa kitabu, madukani nchi nzima?

Unasema ana akili adimu. Najua. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, kwenye meza hii ninayoandikia. Ndiyo maana siwezi.

Darlene Aasen


Lunenburg
18 Oktoba 1999

Orest,

Kimetoka. Ni kizito kuliko cha kwanza kwa kurasa sitini, na kizuri kuliko cha kwanza kwa sababu yako. Hesabu yangu ni masahihisho mia nne na saba. Jina lako halimo. Nilitii. Mchapishaji aliniuliza mbona ukurasa wa shukrani una sentensi moja tu, ya Alden, nikasema inatosha. Haikutosha. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Na jambo jingine bora ulisikie kwangu. Hili ndilo toleo la mwisho. Wameniambia waziwazi: siku hizi mambo haya yanasomwa kwenye tovuti zenyewe, na yanabadilika kabla wino haujakauka. Karatasi basi. Nilifikiri ningeweza kukutengenezea nafasi baadaye, dada yako akipoa. Hakuna baadaye. Nisamehe.

Gereza halipokei kitabu chenye jalada gumu, kwa hiyo nakala yako nimempelekea Darlene akutunzie. Najua hata ukiachiwa sheria haikuruhusu kutoka mkoa huo kwa miaka mitatu. Miaka mitatu ikiisha, kama nipo, chumba cha juu kipo. Kama sipo, basi ujue kilikuwepo.

Harriet


Prince Albert
21 Novemba 1999

Mama Zwicker,

Kitabu kilifika. Nilikiweka juu ya jokofu wiki tatu bila kukifungua. Jumanne usiku nikakishusha.

Sielewi humo hata neno. Nilikuwa natafuta kitu kimoja, nione kama umenidanganya. Nikasoma ukurasa wa shukrani, nikatazama jaladani, nikatazama nyuma kwenye maandishi madogo kabisa yanayotaja hata kiwanda cha karatasi. Halimo. Hukunidanganya. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa hapo mezani na kile nilichokitaka, chai ikapoa.

Nilikuwa nimemwambia kasisi kwamba sitakwenda kumpokea. Jumatano asubuhi nikajikuta nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Alitoka na mfuko wa karatasi. Amezeeka. Ana miaka thelathini na saba, nywele zote nyeupe. Akasimama kando ya gari.

"Nikae mbele au nyuma?"

"Nyuma kuna magunia. Kaa mbele."

Hakufunga mlango mpaka nilipomwambia afunge. Tukaenda kilomita arobaini. Nikasimamisha kwenye mkahawa wa barabarani, nikaagiza supu ya borshti kwa watu wawili. Hakuwa anajua ashike kijiko gani, amezoea vya plastiki. Nikamsukumia kitabu chako. Akafuta mikono kwanza. Akakifungua katikati, akasoma kama mtu anayekula. Supu ikiwa bado inatoa moshi akanyanyua kichwa.

"Ukurasa wa 61," akasema. "Kuna kosa."

"Hata leo, Orest?"

"Kosa ni kosa, dada."

Miaka sita hakuwa ameniita dada. Nami miaka sita sikuwa nimemtaja jina usoni pake.

Nikamwambia, "Jina lako halimo."

"Najua."

"Ni mimi niliyekataza."

"Najua. Ulikuwa na haki." Akarudi kwenye kitabu.

Sijamsamehe, Mama Zwicker, usije ukaandika huko kwamba nimesamehe. Nyumbani kwangu hakulala. Nilimfikisha Saskatoon, kwenye nyumba wanayokaa waliotoka, nikamwachia koti la Mervin kwa sababu lake lilikuwa jembamba. Kisha nikakaa garini nje ya nyumba ile muda mrefu, injini inaunguruma.

Hili ndilo ninalokuandikia. Njiani nilimwambia nitakuomba kwamba mkitoa toleo jingine, uliweke jina lake. Nilidhani atasema kitu. Aligeukia dirishani, akatazama theluji mashambani, halafu akasema tu, "Asante, dada. Mwandikie." Ndiyo nakuandikia. Nimekwishazungumza na mama yake Colleen. Alilia, kisha akasema haidhuru.

Sijui matoleo huchukua muda gani. Hata ikiwa miaka mitano, nitangoja. Ila angalia lisikosewe, maana hata gerezani walilikosea kwenye karatasi zao. Linaandikwa hivi: Orest Dubyk. D, U, B, Y, K. Watu huweka I mahali pa Y.

Darlene Aasen